Kumpatia mwenzi makaratasi ya Marekani kupitia ndoa

Kufunga ndoa na raia wa Marekani hakumpi mtu makaratasi. Kunampa raia haki ya kumwombea mwenzi wake, basi. Ombi hilo laweza kumalizikia humo humo nchini, laweza kumlazimu mwenzi asafiri kwenda kwenye ubalozi nje, na laweza kukwama kabisa. Kinachoamua, kuliko kitu kingine chochote, ni namna alivyoingia. Wengi huanza kwa kukusanya picha za harusi. Anza na pasipoti.

Mwongozo huu ni wa raia mwenye mume au mke asiye na makaratasi. Mwenye grini kadi ambaye hajawa raia ana kanuni ngumu zaidi: mwenzi wake aliyepitisha muda wa viza kwa kawaida hawezi kumalizia ombi akiwa ndani ya nchi, kwa hiyo mara nyingi ni heri achukue uraia kwanza. Aliyekuja kama mkimbizi, na tayari alikuwa ameoa au ameolewa kabla ya kuingia, aulizie kwanza fomu I-730. Haina ada, lakini hutumwa ndani ya miaka 2 tangu afike. Wakongo na Warundi wengi waliopokelewa Marekani wana haki hiyo na muda huwapita bila wao kujua.

Aliingia kwa njia gani?

Tafuta pasipoti aliyoingilia, viza iliyobandikwa ndani, muhuri wa uwanja wa ndege na rekodi ya kuingia iitwayo I-94. Rekodi hiyo hupatikana bure kwenye tovuti ya CBP, idara ya forodha na ulinzi wa mipaka, kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti. Walioingia kwa ndege kabla ya 2013 walipewa kikadi cha karatasi kilichobanwa ndani ya pasipoti. Kikiwa kimepotea, nakala huombwa kwa fomu I-102, au rekodi nzima huombwa CBP kwa sheria ya haki ya kupata taarifa. Bila ushahidi wa kuingia kihalali ombi haliendi mbali, hata ndoa ikiwa ya kweli namna gani.

Aliyeingia kwa viza, iwe ya matembezi, masomo au kazi, akapitisha muda, yuko pazuri. Kwa mume au mke wa raia, sheria haihesabu muda aliopitisha wala kazi alizofanya bila kibali. Awe amekaa miezi 8 au miaka 15, anaweza kuomba grini kadi akiwa nyumbani kwake. Ila kuna watu watatu wa kuangaliwa. Aliyekuja kwa viza ya mchumba, K-1, anaweza kumalizia tu kupitia yule yule mchumba aliyemwombea. Akioana na mwingine, ndani ya nchi hawezi. Aliyekuja kwa J-1, viza ya mabadilishano ya masomo na kazi, huenda anadaiwa kurudi kwao miaka 2 kwanza. Soma maandishi yaliyo kwenye viza yake. Wa tatu ni baharia. Mtu aliyeingia kama mfanyakazi wa meli, viza C-1/D, akashuka bandarini asirudi melini, amezuiwa kumalizia ombi ndani ya Marekani hata mkewe awe raia wa kuzaliwa. Watu wa Mombasa, Tanga na Unguja wana sababu ya kulijua hili kuliko wengine.

Aliyevuka mpaka bila kukaguliwa yuko kwenye njia ndefu. Hawezi kumalizia ndani, ila wachache: mwenye ombi la familia au kazi lililowasilishwa kwa ajili yake kabla ya 30 Aprili 2001 kupita, na mwenzi wa askari au mwanajeshi mstaafu, ambaye anaweza kuombewa ruhusa maalumu ya kuhesabiwa kama aliyepokelewa. Wengine wote lazima watoke kwenda kuhojiwa ubalozini. Na hapo ndipo mtego ulipo. Aliyekaa bila hadhi, yaani bila ruhusa halali ya kukaa, zaidi ya siku 180 akitoka hufungiwa miaka 3. Aliyefikisha mwaka mmoja hufungiwa miaka 10. Kifungo hicho huanza pale anapotoka, si kabla.

Dawa yake ni msamaha wa awali, fomu I-601A, ambao huombwa angali Marekani, baada ya I-130, yaani ombi la raia kwa mwenzi wake, kukubaliwa na ada ya viza kulipwa. Lazima kuonyesha kwamba mume, mke, au mzazi aliye raia au mwenye grini kadi atapata taabu kubwa kupita kiasi. Watoto hawahesabiwi kama wanaotaabika, jambo linalowashangaza wengi. Taabu ya mtoto huandikwa kwa kuonyesha inavyomlemea mzazi raia. "Nitamkosa sana" haitoshi. Barua ya daktari inayotaja ugonjwa, dawa na nani humpeleka mgonjwa kliniki, hesabu za rehani, hati ya mahakama ya malezi ya mtoto wa ndoa ya awali: hizo ndizo zinazobeba uzito. Ada ni dola 795, na jibu husubiriwa miaka, si miezi. Likija, ndipo mtu hupanga safari ya Nairobi au Kinshasa.

Ule mpango wa 2024 uliotaka kuwaruhusu wenzi wa raia waliovuka mpaka wamalizie ndani ulifutwa na mahakama ya Texas mwezi Novemba mwaka huo huo. Anayekuuzia fomu za mpango huo leo anakuibia.

Mambo ambayo ndoa haiyafuti

Kabla ya kutuma hata karatasi moja, ulizaneni maswali haya bila kufichana.

Je, aliwahi kusema ni raia wa Marekani? Fomu I-9, ambayo kila mwajiriwa hujaza anapoanza kazi, ina kisanduku cha raia. Wapo waliokitia alama kwa sababu mwenzao kazini aliwaambia ndiyo njia ya mkato. Kujidai raia tangu 30 Septemba 1996 hakuna msamaha kwa anayeomba kupitia ndoa. Kujiandikisha kupiga kura ni vivyo hivyo, na wengine waliandikishwa kwenye dirisha la leseni ya udereva kwa kuitikia "yes" kwa kila swali. Kutumia namba ya Soshali ya mtu mwingine ni tatizo la namna tofauti. Halifungi mlango lenyewe peke yake, lakini lazima wakili alijue mapema.

Je, aliingia na pasipoti ya mtu mwingine? Huhesabiwa kuwa alikaguliwa na kupokelewa, lakini pia alidanganya, na atahitaji msamaha wa fomu I-601. Aliyepita kwa pasipoti ya Marekani isiyo yake hana hata hilo.

Je, aliwahi kukaa zaidi ya mwaka bila hadhi, akatoka, kisha akarudi kwa kuvuka mpaka kimya kimya? Huyo lazima akae nje miaka 10 ndipo aruhusiwe hata kuomba msamaha.

Je, ana amri ya kuondolewa? Watu wengi wanayo na hawajui. Walihama, barua ya mahakama ikaenda anwani ya zamani, jaji akaamua wakiwa hawapo. Mwenye namba ya A, ile namba ya faili la uhamiaji inayoanza na herufi hiyo, anaweza kuangalia kwenye tovuti ya mahakama za uhamiaji au kupiga simu ya mashine 1-800-898-7180, usiku au mchana, bila kutaja mahali alipo. Ikiwepo amri au kesi iliyo wazi, msitume chochote kabla wakili hajaliona faili.

Tahadhari hizi zina uzito zaidi sasa. Tangu Februari 2025 ombi likikataliwa na mtu hana hadhi nyingine, USCIS, idara ya uhamiaji inayoamua maombi haya, humwandikia wito wa kwenda mahakama ya uhamiaji, na kuwa na ombi linalosubiri hakumkingi na kukamatwa. Tena kuna orodha ya nchi zilizowekewa vikwazo vya kuingia Marekani kuanzia Juni 2025, Somalia na Burundi zikiwemo, ambayo imerefushwa tangu hapo. Mwishoni mwa 2025 USCIS ilisimamisha maamuzi ya maombi ya watu wa nchi hizo. Angalieni kama nchi ya mwenzi imo siku mnayotaka kutuma, si mwezi uliopita.

Anayeitwa "notario", au ndugu wa jamii anayejaza fomu kwa dola 300, si wakili. Kwa aliyeingia kwa viza, asiye na kosa lolote, mnaweza kujaza wenyewe mkiwa makini. Kwa mengine yote niliyotaja, lipieni wakili au shirika lenye kibali cha Wizara ya Sheria.

Ndoa yenyewe

Leseni ya ndoa hutolewa na karani wa kaunti au jiji, na haiulizi hadhi ya uhamiaji; pasipoti ya kwao hutosha. New York husubiri saa 24 kati ya leseni na ndoa, Texas saa 72. Imamu au mchungaji hufungisha, hutia sahihi kwenye leseni, na leseni hurudishwa kwa karani. Nikaha ya msikitini isiyo na leseni ni ndoa mbele ya Mungu, lakini ofisa hataitambua katika majimbo mengi. Chukueni nakala 2 zilizothibitishwa.

Ndoa iliyofungwa nyumbani hukubalika ikiwa halali kule ilikofungwa na imesajiliwa. Tatizo liko kwa nikaha ya mbali: bwana yuko Ohio, walii na mashahidi wako Lamu, simu iko katikati. Sheria ya uhamiaji haimhesabu kuwa mume au mke mtu aliyeoana hivyo mpaka wawili wawe wameingiliana baada ya ndoa hiyo. Mkiwa wote mko Marekani, rahisi ni kufunga tena kwa karani. Hakuna aibu, na huchukua dakika 15.

Ndoa za zamani ndizo huangusha watu wetu wengi. Kila ndoa iliyotangulia, ya pande zote mbili, lazima iwe na hati ya kuvunjika. Talaka ya mdomo, hata zikiwa tatu na mashahidi wapo, haitoshi. Tanzania Bara ndoa huvunjwa kwa amri ya mahakama chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Zanzibar na Kenya Waislamu huenda Mahakama ya Kadhi. Ikiwa hati ya talaka ina tarehe ya baada ya ndoa mpya, ndoa mpya ni batili na lazima ifungwe upya. Mke wa pili, wa kwanza akiwa bado yuko, hawezi kuombewa kabisa.

Mafungu ya karatasi

Kwa anayemalizia ndani, fomu hutumwa pamoja katika bahasha moja. Raia hujaza I-130, ombi lenyewe, na I-864, hati ya udhamini. Mwenzi hujaza I-130A, inayofuatana na I-130, I-485 ya kuomba grini kadi, I-765 ya kibali cha kazi na I-131 ya ruhusa ya kusafiri. Daktari aliyeidhinishwa na USCIS hujaza I-693 na kuifunga kwenye bahasha. Msiifungue. Tangu Desemba 2024 ripoti hiyo lazima iende pamoja na I-485. Ukiituma bila hiyo, furushi laweza kurudishwa lote.

Kwa viwango vilivyoanza 1 Aprili 2024, I-130 ni dola 675 ikitumwa kwa posta, si mtandaoni, I-485 dola 1,440, I-765 dola 260 na I-131 dola 630. Jumla dola 3,005, kabla ya daktari, ambaye hutoza bei yake. Asiye na mpango wa kusafiri aache I-131 aokoe fedha. Cheki na hawala za posta hazipokelewi tena tangu 28 Oktoba 2025: lipa kwa kadi ukitumia fomu G-1450, au moja kwa moja kutoka akaunti ya benki ya Marekani kwa G-1650, na kila fomu iwe na malipo yake. Wapigie benki kabla, waambie kutakuwa na makato manne makubwa. Benki ikiyashuku na kuyazuia, furushi hurudi.

Tazama tarehe ya toleo chini ya kila ukurasa. Kurasa za matoleo mawili zikichanganyika, fomu hukataliwa. Sahihi iwe ya mkono.

Viambatanisho: uthibitisho wa uraia (pasipoti ya Marekani, cheti cha uraia au cha kuzaliwa), cheti cha ndoa, hati za talaka au vifo vya wenzi wa awali, cheti cha kuzaliwa cha mwenzi, kurasa za pasipoti zenye picha, viza na muhuri, I-94, na picha 2 za inchi 2 kwa 2 za kila mmoja kwa I-130, na 2 za mwenzi kwa I-485. Cheti cha Tanzania ni kile cha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Tangazo la kizazi lililotolewa hospitali si cheti. Cheti kilichosajiliwa mtu akiwa mtu mzima hukubalika, lakini ofisa hukitilia shaka, kwa hiyo ambatanisha cheti cha ubatizo, rekodi ya shule ya msingi na viapo vya watu 2 wanaojua kuzaliwa kwake. Kila kilichoandikwa kwa Kiswahili au Kifaransa kiwe na tafsiri kamili ya Kiingereza, na chini yake mtafsiri aandike kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi, aweke jina, sahihi na tarehe. Huhitaji mtafsiri wa serikali. Ila wenyewe msijitafsirie.

Majina yatawasumbua. Juma Salim Bakari kwenye cheti, Juma Bakari kwenye viza, Bakari J. Salim kwenye leseni ya udereva: andika yote kwenye nafasi ya majina mengine, na weka kiapo kimoja cha kueleza. Wakimbizi waliopewa tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari kambini wasiibadilishe kimya kimya kwenye fomu moja. Tarehe mbili bila maelezo huonekana kama uongo.

Udhamini

Raia lazima aonyeshe kipato cha asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Kwa viwango vya 2025 kilikuwa dola 26,437 kwa kaya ya watu 2, na dola 40,187 kwa watu 4, katika majimbo yote isipokuwa Alaska na Hawaii. Kaya ni pamoja na mwenzi na wote unaowaandika kwenye kodi. Weka nakala ya rekodi ya kodi ya mwaka wa karibuni kutoka IRS (idara ya kodi), W-2 (taarifa ya mshahara wa mwaka ya mwajiri), na stabu za mshahara. Anayeendesha teksi za programu akakata gharama nyingi ili alipe kodi ndogo hujikuta kipato chake cha kwenye kodi ni dola 14,000; ofisa huangalia mstari huo, si fedha zilizopita benki.

Kikipungua, mtafute mdhamini mwenza: raia au mwenye grini kadi, miaka 18 na zaidi, anayeishi Marekani, si lazima awe ndugu. Mweleze ukweli anachotia sahihi. Udhamini hauishi kwa talaka. Unaisha mwenzi akipata uraia, akihesabiwa robo 40 za kazi (kama miaka 10), akihama moja kwa moja, au mmoja wao akifa. Rafiki asiyeambiwa hivyo mwanzoni atakuchukia baadaye, na atakuwa na haki.

Ushahidi wa kuishi pamoja

Kinachopimwa ni kama mlipooana mlikusudia kuishi kama mume na mke. Karatasi nzito ni zile ambazo mtu wa ndoa ya kununua hangejisumbua kuzitengeneza: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, kodi mliyojaza kama wanandoa, bima ya afya au ya maisha inayomtaja mwenzi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Akaunti ya benki ya pamoja ina thamani ikiwa inaishi: mshahara unaingia, kodi ya nyumba inatoka, kuna ununuzi wa duka la vyakula. Akaunti iliyofunguliwa wiki tatu kabla ya kutuma, ina dola 100 zimelala, ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Watu wetu wana ushahidi ambao hawaufikirii. Fedha ulizotuma kwa M-Pesa kwa mama mkwe Kisumu kila mwezi, ukichapisha miezi 12 na kuandika pembeni yeye ni nani, zasema mengi kuliko picha 60 za harusi. Picha 15 zinatosha, zenye tarehe na majina nyuma, zikiwa na ndugu wa pande mbili. Mkilala miji miwili kwa sababu ya kazi, lielezeni kabla ya kuulizwa, na mweke tiketi za kutembeleana.

Ndoa ya kununua ni kosa la jinai: kifungo hadi miaka 5, faini hadi dola 250,000. Na kwa aliyewahi kubainika, kosa hilo humfuata milele. Hata akioana kwa kweli baadaye, ombi lake halikubaliwi.

Kutoka risiti hadi mahojiano

Risiti huja kwa posta, kisha mwito wa alama za vidole, kisha kibali cha kazi. Mkihama, ripotini anwani ndani ya siku 10. Barua iliyopotea ndiyo sababu ya kijinga kuliko zote ya kupoteza ombi. Mwenzi asitoke nchini kabla I-131 haijakubaliwa, hata kwa msiba. Akitoka, ombi huhesabiwa limeachwa, na kile kifungo cha miaka 10 chaweza kumwangukia.

Mahojiano huwa ya wawili. Njooni na hati halisi za kila nakala mliyotuma, na ushahidi mpya tangu mlipotuma. Asiyejua Kiingereza vizuri aje na mkalimani wake. Asiwe mume au mke. Maswali ni ya kawaida: mlikutana wapi, nani hulipa umeme, kodi ya nyumba ni kiasi gani, mamake yuko hai? Ofisa akishuku, huwatenga na kuuliza yale yale kila mmoja peke yake. Usilolijua sema hujui. Kukisia rangi ya pazia kumewaponza watu wa kweli.

Ndoa ikiwa haijafika miaka 2 siku grini kadi inapokubaliwa, kadi huwa ya miaka 2 tu. Ndani ya siku 90 kabla haijaisha, wote wawili hutuma I-751, dola 750, na ushahidi mpya wa miaka hiyo miwili. Msisubiri barua ya kuwakumbusha. Mkiwa mmeachana, mwenzi anaweza kuituma peke yake na hukumu ya talaka, akionyesha ndoa ilikuwa ya nia njema. Na anayepigwa au kutishwa na raia kwa kauli ya "nitakufuta makaratasi" ana fomu I-360, isiyo na ada, ambayo hujaza mwenyewe na mwenzi hapewi habari.

Uraia huombwa baada ya miaka 3 ya grini kadi, miaka 2 ya masharti ikihesabiwa, mkiwa bado mnaishi pamoja. Fomu hupokelewa siku 90 mapema. Mtanzania apige hesabu yake kabla ya kula kiapo, kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Mkenya anaruhusiwa tangu Katiba ya 2010.